Pantoni Ilivyopata Babu

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alistaafu kazi ya reli akiwa na filimbi moja, bendera mbili na tabia ya kutotulia mpaka ameamuru kitu kiondoke. Mwanzoni aliamuru kuku. Mkewe alipochoka kuona kuku wanafukuzwa bandani kwa bendera ya kijani, akamtafutia kazi mtoni.

Ukitoka Korogwe mjini kwa bodaboda ukaufuata mto Pangani, ambao wenyeji tunauita Ruvu, unafika mahali ambapo njia inaingia majini na kutokea ng'ambo kana kwamba hakuna kilichotokea. Ng'ambo ile ni Handeni. Daraja la magari lipo, ila liko mbali, na mtu mwenye gunia lake la mahindi, anayeliona kwa macho paa la nyumba ya shemeji yake, hawezi kukubali kuzunguka nusu siku ili amfikie. Ndiyo maana pakawa na pantoni.

Usidhani ni meli. Ni mapipa yaliyofungwa pamoja, juu yake mbao, pembeni vyuma vya kushikilia ili watu wasiteleze. Haina injini wala usukani. Kutoka ukingo hadi ukingo umetandazwa waya mnene uliokuwa wa kiwanda cha mkonge kilichokufa, na pantoni imening'inizwa kwenye waya huo kwa makapi mawili, vile vigurudumu vinavyoteleza juu ya waya, ili mto usiibebe. Abiria wanashika waya, wanavuta, pantoni inakwenda. Haiwezi kwenda juu, haiwezi kwenda chini, haiwezi kupotea. Inajua safari moja tu.

Lakini mjomba aliiendesha kana kwamba inakwenda Arusha. Alisimama mbele na kofia yake ya reli, akapiga filimbi, akainua bendera ya kijani, akajijibu mwenyewe kwa kutikisa kichwa, kisha akatangaza: "Abiria wa Handeni, tunaondoka. Wanaosindikiza washuke." Hata kama abiria alikuwa mimi peke yangu.

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu iko Manundu, pale Korogwe mjini. Mama yangu anakaa ng'ambo, upande wa Handeni, na kila Jumamosi navuka kwenda kumwona na kupeleka sare za shule nilizoshona. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa. Mengine niliyaona nikiwa na bahasha ya vifungo mkononi.

Kisa chote kilianza na kibao. Mjomba aliona aibu kwamba kila stesheni aliyowahi kufanya kazi ilikuwa na kibao chenye jina, na ya kwake haina. Akamwita fundi rangi anayechora nyuma ya mabasi na kwenye kuta za saluni. Nilikuwepo siku hiyo, nikingoja abiria wengine waje tusaidiane kuvuta.

"Niandike nini, mzee?" fundi rangi akauliza.

"Jina la mahali. Pantoni."

"Pa Antoni?"

"Ndiyo. Pantoni."

"Sawa sawa. Na picha je? Picha nakuwekea bure, mzee wangu."

Mjomba akasema picha ni vizuri, akidhani itachorwa pantoni. Akakaa kwenye kigoda kumngoja. Fundi akamtazama, akachora, akamtazama tena. Alipomaliza, kibao kilikuwa kimeandikwa kwa herufi nyekundu: HAPA NI PA ANTONI. VUKA KWA UTARATIBU. Juu ya maandishi palikuwa na uso wa mjomba wangu, na kofia yake, na ndevu ndefu ambazo mjomba hajawahi kuwa nazo.

"Huyu ni nani?" mjomba akauliza.

"Antoni," fundi akajibu, akikusanya brashi zake.

Mjomba wangu ni Mwislamu, baba yake alikuwa Mwislamu, na babu yake alikuwa akiadhini. Alikasirika hadi kofia ikamlegea. Fundi naye alikwishapanda bodaboda. Ikapita wiki nzima kabla hajapatikana, kwa kuwa alikuwa amepanda milimani Lutindi kuchora kuta za duka. Aliporudi mjomba akamshika bega, akamwambia, "Kosa liko pale, unaliona? Liondoe." Fundi akakitazama kibao kwa makini, akaona kosa ni nini, akachovya brashi akafuta ndevu.

Ukweli ni kwamba sasa picha ilifanana na mjomba kuliko mjomba mwenyewe.

Watu wa njia hawakuchelewa. Vijana wa bodaboda wakaanza kumwamkia, "Shikamoo mzee Antoni." Mwanzoni hakuitika. Lakini shikamoo ni shikamoo, mtu mzima haachi kuipokea. Akawa anasema, "Marahaba, lakini siye mimi." Wamasai waliokuja kuvusha ndama wao walimwita Andoni na walipokosolewa walicheka tu. Mkazamjomba akaniambia kwamba hata nyumbani, akimwita kwa jina lake, mume wake anageuka kwa kuchelewa.

Kisha akaja bibi.

Alikuja siku moja ya Jumamosi, asubuhi, na wajukuu wawili, mwanamume na mwanamke, watu wazima wenye watoto wao. Alikuwa mwembamba, kavaa gauni la kanisani na kandambili. Alishuka kwenye bodaboda, akasimama mbele ya kibao, akakitazama kwa muda mrefu hata sisi tuliokuwa tumeshapanda tukaanza kunong'ona. Mjomba akapiga filimbi. Bibi akageuka, akamwona. Akatazama kibao, akamtazama mjomba. Kisha akaweka mikono kichwani.

"Jamani, hata sikio," akasema. "Hata sikio ni lile lile."

Tukamkalisha kwenye gunia la mtu, akatueleza. Babu yake mzaa mama alikuja toka Songea kukata mkonge enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba. Jina lake lilikuwa Antoni. Siku moja, mama yake bibi akiwa bado msichana mdogo, babu huyo aliaga kwamba anavuka mto, na hakurudi. Hakuna aliyejua kama alizama, kama aliliwa na mamba au kama alipata mke mwingine ng'ambo. Mama yake alingoja mpaka akazeeka, akafa akingoja. Sasa mmoja wa wajukuu hawa alipita hapa kwa bodaboda akaona kibao, akapeleka habari nyumbani: pana mahali mtoni panaitwa pa Antoni, na sura ya Antoni ipo.

"Nani aliyemjua babu yangu hata akaweza kumchora?" bibi akauliza.

Mjomba akafungua mdomo. Niliona kabisa kwamba anataka kumwambia. Lakini alipomtazama yule bibi machoni, akafunga mdomo, akainua bendera nyekundu. Sijui alikuwa anamsimamisha nani.

Habari haikukaa pale mtoni. Jioni ilikuwa imefika Manundu, na wateja wangu waliokuja kupimwa walikuwa wanajadili Antoni wakiwa wameinua mikono. Ndipo likazuka jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwenyekiti wa kitongoji cha upande wa Korogwe akatamka hadharani kwamba, kwa kuwa Antoni alikuwa mkata mkonge wa upande huu, na kivuko kinaitwa kwa jina lake, basi kivuko ni mali ya upande huu. Mwenyekiti wa upande wa Handeni, mzee wa Kizigua mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, akajibu kwa kutuma mtu kwamba huo ni uongo mtupu. Jina hilo, alisema, ni la wazee wa Handeni. Zamani kiangazi kilikuwa kikali, mto ukikauka unabaki tone. Wazee wakifika ukingoni wanasema, "Pana tone." Ndiyo Pantoni hiyo. Antoni aliwakuta Wazigua na tone lao.

Muuza machungwa mmoja akaongeza la kwake: waliovusha watu zamani walikuwa wakiwaita abiria, "Panda tuone!" yaani panda, tuone kama tutafika. Yeye hakudai kivuko. Alipenda tu kuongeza.

Wenyeviti wakakubaliana kukutana. Tatizo likawa wapi. Wa Korogwe hakutaka kukanyaga Handeni, kwamba ataonekana kakubali kwamba anaomba. Wa Handeni naye vivyo hivyo. Mjomba, ambaye hakuna aliyemuuliza, akashauri mkutano ufanyike juu ya pantoni yenyewe, katikati ya mto. Kila mtu akaona ni busara, na hilo peke yake lilipaswa kututia shaka.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Nilifika na mzigo wangu wa sare kichwani, nikitaka kuvuka tu kwa mama, mjomba akaniambia, "Panda, mwanangu. Mkutano na safari ni kitu kimoja." Tukawachukua wa Korogwe, pamoja na bibi na wajukuu wake, tukaenda ng'ambo tukawachukua wa Handeni, tukarudi hadi katikati. Mjomba akafunga kamba kwenye waya. Mapipa yakazama zaidi kidogo kuliko kawaida. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yakapita chini yetu bila haraka.

Mwenyekiti wa Handeni akaanza kwa salamu ndefu, kisha akasema, "Sisi tuna tone." Mwenyekiti wa Korogwe akasema, "Na sisi tuna mtu." Wakarudia hivyo mara nyingi, kila mmoja akiongeza sauti, mpaka mtu mmoja akapendekeza itafutwe haki kwenye simu. Macho yakanigeukia, maana simu yangu ilikuwa mpya.

Nikatafuta. Nilipopata nikatamani nisingetafuta. Nikawasomea kwa kadiri nilivyoelewa: kwamba neno pantoni limetoka Ulaya, likaja na Wazungu, na kwamba mbali kabisa, kwa Warumi wa kale, chimbuko lake ni neno lenye maana ya daraja.

Kisha wenyeviti wote wawili wakanikasirikia kwa pamoja, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya pekee siku ile walipokubaliana.

"Daraja?" akasema wa Handeni. "Daraja unalivuta kwa mkono?"

"Binti," akasema wa Korogwe kwa upole wa kuumiza, "Warumi walivuka wapi hapa? Walishukia wapi, stendi ya Segera?"

Nikaizima simu nikakaa juu ya mzigo wangu.

Baada ya hapo hasira zikapanda. Mwenyekiti wa Handeni akasema mkutano umekwisha, anarudi kwake, akafungua kamba, akashika waya na watu wake wakavuta kuelekea Handeni. Wa Korogwe akasema hapelekwi Handeni kama mbuzi, akashika waya upande wa pili, na watu wake wakavuta kuelekea Korogwe. Nguvu zililingana. Pantoni ikatetemeka, ikasimama pale pale. Mjomba akapiga filimbi. Akainua bendera ya kijani, hakuna kilichokwenda. Akainua nyekundu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ikawa amri inayotekelezwa kabla hajaitoa.

Tulikaa hivyo mpaka jua likawa utosini. Watu walivuta kwa zamu. Aliyechoka alipumzika, akala chungwa, akarudi kuvuta. Ukingoni kulia na kushoto abiria wengine walikusanyika wakitutazama, na kila ukingo ulishangilia watu wake. Kiboko mmoja alitoa kichwa chini kidogo ya mto, akatutazama, akazama tena. Mama yangu alikuwa amekuja ukingoni akinipigia kelele niteremke, kama vile nilikuwa juu ya mti.

Ikafika adhuhuri. Hapo sitasahau adabu iliyoonekana. Waislamu wa pande zote mbili, ambao ndio walikuwa wengi, wakaachia waya kwa pamoja, maana hakuna aliyetaka kuonekana anamvizia mwenzake kwenye swala. Wakachota maji kwa ndoo, wakatia udhu, wakabishana kidogo Kibla kiko wapi, na mwenyekiti wa Handeni akaswalisha kwa kuwa ndiye mwenye umri. Wa Korogwe akasimama nyuma yake.

Wasioswali tulibaki bibi, wajukuu wake wawili na mimi, ambaye siku ile nilikuwa na udhuru. Bibi akautazama waya. Akawatazama wanaume wamesujudu. Akaushika kwa upole, na wajukuu wake wakaushika. Walivuta bila kelele, kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Mimi sikuvuta. Lakini sikusema kitu pia.

Wanaume walipotoa salamu, kulia na kushoto, kushoto kwao palikuwa na matete ya Korogwe.

"Tumeibwa!" akasema mwenyekiti wa Handeni.

"Hakuna aliyeiba," bibi akamjibu. "Mlikuwa kwenye ibada, nikaona niwasaidie mambo ya dunia."

Nilidhani patachimbika. Badala yake yule mzee akamtazama, akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini na kofia yake mkononi. Mwenyekiti mwenzake akalazimika kumkaribisha chai, maana mgeni ameshafika kwako. Akanywa, akala na maandazi, na mjadala wa kivuko ni cha nani ukaahirishwa. Mpaka leo umeahirishwa. Wenyewe wanasema wanangoja wakati mwafaka.

Bibi hakwenda kunywa chai. Alibaki kwenye pantoni na wajukuu wake na mjomba, na mimi nilibaki kwa kuwa nilikuwa bado sijavuka. Akamwomba mjomba ampeleke tena katikati ya mto. Safari hii tulikuwa watano tu, tukavuta polepole. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye maua ya kwenye ua wake, ya kawaida, yale ya zambarau. Akayatupa majini moja moja, akasali sala fupi. Kisha akageuka, akamtazama mjomba wangu usoni.

"Babu," akasema, "kwa nini hukurudi?"

Wajukuu wake wakatazama chini. Mjomba akanitazama mimi, kama mtu anayetafuta mlango. Alikuwa amekana jina hilo kwa madereva, kwa wavuvi, kwa Wamasai, kwa mke wake. Alikuwa na kila sababu ya kulikana na hapo pia. Akavua kofia.

"Maji yalikuwa mengi," akasema.

Bibi akaitikia kwa kichwa. "Yalikuwa masika?"

"Masika makubwa. Waya huu haukuwepo."

"Ulisema unavuka kufuata nini? Mama hakukumbuka vizuri."

Mjomba akafikiri. "Mbuzi," akasema. "Nilikwenda kununua mbuzi."

"Mama alikuwa anasema ni nguo. Nguo ya ubatizo wake."

"Na nguo," mjomba akasema haraka. "Mbuzi na nguo."

"Nguo ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe," akasema mjomba, ambaye hajawahi kuingia kwenye ubatizo maishani mwake. "Yenye kitu kama... ua hivi, hapa." Akajigusa kifuani.

Bibi akayafuata maua kwa macho. Mto ukapita. Nikaogopa kwamba atagundua, halafu nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga. Alikuwa anajua tangu aliposhuka kwenye bodaboda siku ile ya kwanza. Mtu aliyepotea kabla mama yako hajavunja ungo hawezi kuwa amekaa hapo na filimbi shingoni. Hakuwa amepungukiwa akili. Alikuwa na swali la mama yake, lilikuwa zito, na hakuwa na wa kumuuliza.

"Haya," akasema mwishowe. "Nikifika kwa mama nitamwambia. Nyeupe, yenye ua."

Tukamrudisha ukingoni. Mjomba akamshika mkono ashuke, na bibi, mwenye umri wa kuweza kumzaa, akapiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," mjomba akajibu, na hakuongeza kwamba siye yeye.

Ukoo ule haukuishia hapo. Kulikuwa na ndugu Songea ambao walikuwa hawajasikia habari za Antoni tangu enzi za mkonge, na simu zikapigwa. Ikaja taarifa kwamba kuna harusi ya kitukuu, na babu anatakiwa. Wajukuu walijaribu kueleza kwamba si babu halisi, ni mzee wa kivuko, wakajibiwa kwamba hilo linaeleweka, basi linatoka asubuhi, aje na bibi, yaani mkewe.

Mkazamjomba alikuja dukani kwangu Manundu akiwa amebeba kitenge kipya chini ya kwapa. Alikuwa amenuna, lakini nywele zilikuwa zimesukwa.

"Nishonee gauni," akasema.

"La namna gani, mkazamjomba?"

"La bibi wa watu wa Songea."

Nikamuuliza likoje. Akasema yeye ataliona wapi, fundi ni mimi. Tukasimama tukitazamana, sote wawili hatujawahi kufika Songea. Mwishowe akaamua liwe na mikono mipana, kwa sababu bibi wa mahali popote atakumbatiwa na watu wengi. Nikachukua futi kamba, nikamwambia ainue mikono.